Titi halina haraka: namna ya kuamua kama utajengewa jingine baada ya kukatwa

Hii naiandika kwa ajili ya dada au mama ambae kashaambiwa titi litoke, au limeshatoka, na sasa kuna mtu kamuuliza "utataka kutengenezewa jingine?" na hajui ajibu nini. Mi niliulizwa hilo swali nimekaa kwenye benchi la korido, faili mapajani, siku tatu kabla ya upasuaji, na aliyeniuliza alitaka jibu palepale aandike aende kwa mgonjwa mwingine. Nikasema sitaki. Sio kwamba sikutaka, nilikuwa sijui hata ninachoulizwa, nilidhani nikisema nataka watachelewa kunitoa uvimbe. Miaka miwili na nusu ikapita, nikarudi mwenyewe nikajengewa kwa nyama ya mgongo, na toka hapo kila mwenzangu wa kliniki akiniuliza namwambia kwanza hili: kansa ndio yenye haraka, titi halina.

Haya ni mambo mawili, yatenganishe kichwani. Kutoa ugonjwa ni jambo la wiki hizi. Kujenga titi unaweza siku hiyohiyo ya kukatwa, unaweza baada ya mwaka, unaweza hata baada ya miaka kumi ukiwa na wajukuu. Ukisema "kwa sasa hapana" hujafunga mlango. Na ukisema "ndio" halafu moyo ukageuka kabla hujaingia theta hiyo pia ni haki yako, hata kama fomu umeshasaini.

Chenye muda wake ni kimoja tu. Ukitaka kujengewa siku ileile lazima daktari anaekukata ajue kabla hajashika kisu, kwa sababu kuna namna ya kukata inayoacha ngozi ya titi ibaki kama mfuko ili kilichojengwa kiingie humo, na kuna namna inayoondoa ngozi kifua kibaki bapa, na ngozi ikishatupwa hairudi. Kwa wengine hata chuchu inaweza kubaki kama uvimbe uko mbali nayo. Kwa hiyo sema wazi, "Daktari, mi nataka kujengewa, ngozi inaweza kubaki bila kuacha kansa ndani?" Akisema haiwezekani, ugonjwa umeshashika ngozi, hapo msikilize, na usidhani ndio umekosa, maana huko mbele ngozi inaweza kutoka mgongoni au tumboni kwako. Na kama hutaki kabisa kujengewa pia sema kabla, "nataka kifua kibapa, kilale vizuri", maana usiposema unaweza kuachiwa mikunjo ya ngozi pembeni kwapani inayokukera kila ukivaa sidiria.

Swali la kwanza ni la mionzi

Watu wengi wanaanza na "nichague silikoni au nyama yangu?" Huko ni kuanzia kati. Anza kwa kuuliza kama utapigwa mionzi, maana jibu la hapo ndio linakupangia mengine yote, na kwetu huku wengi tunafika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa au umeshafika kwenye tezi za kwapa, kwa hiyo mionzi baada ya kukatwa ni jambo la kawaida.

Mionzi inaua mabaki ya kansa lakini ngozi na nyama iliyopigwa inabadilika. Inakuwa ngumu, mishipa ya damu inapungua, inavutika kidogo, kidonda kikitokea hapo kinapona taratibu. Sasa ukiwa umewekewa implanti, yaani mfuko wa silikoni unaowekwa ndani ya kifua kuwa titi, halafu ukapigwa mionzi juu yake, mwili ambao kawaida unatengeneza utando kuizunguka implanti unaweza kuukaza ule utando mpaka titi likawa gumu, likapanda juu, likauma. Sio kila mtu yanamkuta lakini kwa waliopigwa mionzi yanatokea mara nyingi zaidi, pamoja na maambukizi, na wapo wanaolazimika kutolewa implanti kabisa. Nyama ya mwili wako mwenyewe inastahimili vizuri zaidi sehemu iliyopigwa mionzi kwa sababu inakuja na damu yake mpya. Ndio maana madaktari wengi watakwambia maliza mionzi kwanza, subiri miezi 6 mpaka mwaka hivi ngozi itulie, ndio uje tuzungumze. Mtu akikwambia hivyo hajakunyima kitu.

Na kemo, zile dawa kali za kuua kansa, vilevile. Ukijengewa siku ileile halafu kidonda kikagoma kufunga, kemo inaweza kusogezwa mbele mpaka kipone. Kama kemo yako haifai kuchelewa, muulize daktari wa kansa, sio daktari wa kujenga tu, hao wawili waongee. Mimi wangu walikuwa majengo tofauti, kila mmoja anadhani mwenzie kashaniambia, nikawa mimi ndio nabeba barua huku na huku. Ukiona hivyo usione aibu, andika kwenye karatasi maswali ya huyu umpelekee yule.

Hapa niseme kuhusu watu maarufu, maana kila mtu atakutajia Angelina Jolie, yule mwigizaji wa filamu wa Marekani. Yule alitangaza Mei 2013 kwamba ameondoa matiti yote mawili na kujengewa, lakini hakuwa na kansa, alikuwa na hitilafu ya kurithi kwenye jeni (chembe ya urithi) iitwayo BRCA1, inayoongeza sana hatari, akatoa mapema ili asipate. Hakuwa na mionzi ya kusubiri, ngozi yake nzima, kila kitu kimepangwa. Wewe uliyekutwa na uvimbe safari yako ni nyingine, usijipime na picha zake.

Njia zilizopo, na kila moja inachukua nini kwako

Ya kwanza ni kubaki hivyo hivyo. Naiweka mbele makusudi kwa sababu watu wanaiongelea kama vile ni kushindwa, na sio kweli. Upasuaji mmoja, unapona, umemaliza. Rafiki yangu mmoja tuliyekuwa tunakaa viti jirani kwenye kemo kabaki bapa upande mmoja mpaka leo, anauza samaki, anaamka saa tisa usiku, alinambia "mi mwaka mzima wa kulala hospitali sina wa kuutoa tena", na ukimuona anavyocheza ngoma kwenye shughuli huwezi kumuonea huruma hata kidogo.

Ya pili ni titi la bandia la kuvaa ndani ya sidiria. Kuna la silikoni lenye uzito, kuna la kufuma kwa uzi, na wengine wanashona wenyewe mfuko wa kitambaa wanajaza pamba na kuongeza punje kidogo za mtama au mchele lipate uzito. Uzito una maana, hasa kama lililobaki ni kubwa, maana upande mmoja ukiwa mzito bega linashuka, shingo na mgongo vinaanza kulalamika. La mchele usilitie maji, na badilisha punje mara kwa mara zisiote ukungu. Ruth Handler, yule mama wa Marekani aliyebuni mwanasesere wa Barbie, alikatwa titi mwaka 1970, akatafuta la kuvaa akakuta yanayouzwa hayana sura, akaanza kutengeneza mwenyewe, la kulia likiwa la kulia na la kushoto la kushoto. Hilo liangalie hata wewe unaponunua, titi la bandia lina upande wake.

Ushauri wangu kwa ambae hajui anataka nini: vaa la bandia miezi mitatu kwanza. Nenda nalo sokoni, harusini, kazini, msikitini au kanisani, panda nalo daladala. Usiku andika kwenye daftari mstari mmoja tu, leo lilinisumbua au sikulikumbuka. Mi daftari langu ndio liliniamulia. Kila siku nilikuwa nimeandika joto, jasho, limehama, nimeliangusha nikiinama kuchota maji. Mwenzangu yeye angeandika hakulikumbuka.

Ya tatu ni implanti. Mara nyingi sio siku moja kama watu wanavyodhani. Wanaanza kuweka ekspanda, kama puto tupu chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua, halafu unarudi kliniki kila wiki moja au mbili wanachoma sindano kwenye kivalvu chake wanaongeza maji ya chumvi, ngozi inatanuka pole pole, inachukua wiki kadhaa mpaka miezi, kisha upasuaji wa pili wanatoa puto wanaweka implanti yenyewe. Uzuri wake upasuaji ni mfupi, hukatwi sehemu nyingine ya mwili, unarudi kazini mapema. Ubaya wake, implanti sio ya maisha, inaweza kupasuka au kukaza, na mtu aliyewekewa akiwa na miaka 35 ahesabu kwamba huko mbele atarudi theta kuibadilisha au kuitoa. Silikoni ikivuja hujui kwa kuangalia, kwa hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri kipimo cha MRI (mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili) au ultrasaundi miaka 5 mpaka 6 baada ya kuwekewa, halafu kila miaka 2 au 3. Jiulize MRI ilipo kwako ni mbali kiasi gani na nani atalipia, kwa miaka yote hiyo. Kama jibu ni gumu, hiyo ni sababu halali ya kusema implanti hainifai.

Na uliza implanti ni laini au ya kukwaruza juu. Zile zenye uso wa kukwaruza zimehusishwa na kansa ya nadra ya chembe za kinga, sio ya titi, inayoota kwenye ule utando unaoizunguka implanti. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni dunia nzima zake zinazoitwa Biocell baada ya FDA kuitaka ifanye hivyo. Ni nadra, usilale macho, lakini omba kadi ya implanti yenye jina na namba uitunze na cheti cha kuzaliwa, na titi likivimba ghafla miaka baadae nenda nayo hospitali.

Ya nne ni nyama yako mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio niliyopita na ndio inayoeleweka vibaya.

Wanaweza kuchukua tumboni au mgongoni. Ya tumboni ipo ya aina mbili na tofauti yake ni kubwa kuliko jina. Aina moja wanachukua ngozi, mafuta na msuli wa tumbo, hii daktari Hartrampf wa Marekani aliitangaza mwaka 1982. Aina ya pili, wanaiita DIEP, wanachukua ngozi na mafuta na vimishipa vya damu, msuli unabaki, wanaviunganisha kifuani kwa darubini, mishipa myembamba kama tambi. Hiyo inakula saa 6 mpaka 8 na zaidi, inataka daktari aliyesomea kuunga mishipa, na manesi wa kuliangalia titi kila saa usiku kucha, maana damu ikigoma kupita lazima urudi theta haraka. Sio kila hospitali ina hivyo vitu. Uliza "hapa mnafanya ipi, na mmeshafanya wangapi", usiogope kuuliza.

Ukitolewa msuli wa tumbo, tumbo linapungua nguvu na kuna watu wanapata ngiri. Sasa fikiria maisha yako yalivyo. Unatwanga? Unabeba ndoo kichwani kutoka bombani? Unanyanyua mgonjwa nyumbani? Bado unataka kuzaa? Hayo daktari hatayajua usipomwambia, ataangalia tumbo kama lina nyama ya kutosha basi. Mwembamba sana anaweza kuambiwa tumbo halitoshi. Kama umezaa kwa upasuaji mwambie pia na muoneshe kovu, wengi bado wanafanyiwa lakini inabidi apange njia. Na nyama ya tumbo inachukuliwa mara moja tu, huwezi kutengenezea titi la kushoto mwaka huu halafu miaka mitano mbele ukaja kuomba la kulia kutoka tumbo hilohilo.

Ya mgongoni wanachukua ule msuli mpana chini ya bega pamoja na ngozi, wanauzungusha kupitia kwapani kuja mbele bila kukata mshipa wake wa damu. Mi nilivyoambiwa niliogopa nikajua ni majaribio, kumbe daktari wa Kiitaliano Tansini alikuwa anafanya hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwa hiyo ni njia kongwe, na kwa sababu haihitaji kuunga mishipa kwa darubini inapatikana sehemu nyingi zaidi. Nyama yake ni chache. Kama titi lako lingine ni kubwa wataongeza implanti chini yake au watapendekeza kupunguza la upande wa pili. Langu dogo, ilitosha. Gharama niliyolipa mwilini ni hii: wiki za mwanzo mgongo ulijaa maji wakawa wanavuta kwa sindano, hiyo hutokea sana kwa njia hii wala usishtuke, na mpaka leo kukuna nazi kwa mkono ule nachoka mapema, kuvuta ndoo kisimani siwezi kama zamani. Kushona kwa cherehani, kufagia, kubeba mtoto, sina shida. Ningekuwa mvuvi au fundi wa kupanda ngazi ningefikiria mara mbili.

Kitu ambacho hakuna aliyenambia

Titi jipya halina hisia kama la zamani. Lina ganzi. Unaligusa unahisi mkono lakini titi halihisi, au linahisi kwa mbali kama mtu anakugusa juu ya koti. Baadhi hisia inarudi kidogo kwa miaka, wengine hairudi. Kwa hiyo kuwa makini na chupa ya maji ya moto, pasi, sufuria, unaweza kuungua hujui. Na kitandani pia, ongea na mwenzio mapema. Nililia sana nilipogundua, nikidhani upasuaji umeharibika, wakati ndivyo ulivyo. Ukiamua kujengewa, amua ukijua unajengewa umbo: nguo kukaa, sidiria ya kawaida, kujiona kwenye kioo ukiwa mzima. Hayo nimeyapata na nayafurahia kila asubuhi. Hisia sijaipata.

Chuchu ni hatua ya mwisho, miezi kadhaa baada ya titi kutulia, wanakunja ngozi ya palepale au wanachora tatoo ya rangi inayofanana na ya upande wa pili. Mi nimeishia bila chuchu na sijarudi.

Mwili wako useme ukweli wote

Kwa ngozi zetu nyeusi, kiloidi. Kama una kovu la chanjo begani au la kutoboa masikio lililovimba likawa kama tonge, muoneshe daktari kabla, kwa sababu kila njia niliyoitaja inaongeza makovu, na ya nyama yako inaongeza sehemu mbili. Haikatazi kujengewa, ila atapanga pa kukata na dawa ya sindano ya kovu mapema.

Sukari ishuke kwanza. Sigara, ugoro na shisha acha angalau wiki nne kabla na baada, maana tumbaku inabana vimishipa na nyama iliyohamishwa inaweza kufa. Kama unameza tamoksifeni, vile vidonge vya kansa ya titi, sema, inaongeza kidogo hatari ya damu kuganda na madaktari wengine wanaisimamisha muda kabla ya upasuaji mrefu, ila usiiache mwenyewe kwa sababu umesoma hapa. Dawa za kienyeji pia zitaje, hata kama unajua atanuna.

Na usiogope kwamba kujengewa kutarudisha kansa au kutaificha. Kujengewa hakuongezi uwezekano wa kurudi. Kansa ikirudi mara nyingi inaonekana kwenye ngozi, kwenye kovu au kwapani, kwa hiyo endelea kujipapasa hukohuko na kliniki usiruke, na lile titi lililobaki liendelee na mamogramu yake, ile picha ya eksirei ya titi.

Pesa na muda

Marekani wana sheria tangu 1998, bima ikilipia kukatwa titi lazima ilipie na kujengwa, pamoja na kusawazisha la pili na titi la bandia. Ndugu zetu mlioko huko mwenye bima ya namna hiyo asikubali kuambiwa ni urembo. Huku kwetu usikisie, nenda dirisha la bima na karatasi iliyoandikwa na daktari kwamba ni sehemu ya matibabu ya kansa, omba jibu kwa maandishi, maana kujenga titi kunaitwa upasuaji wa plastiki, na neno "plastiki" likiingia kwenye fomu watu wanadhani unakwenda kuongeza makalio. Tanzania hospitali kubwa zinaita upasuaji rekebishi, ulizia kwa jina hilo ukiwa Muhimbili au hospitali ya rufaa ya kanda, na Kenya ulizia kitengo cha upasuaji wa plastiki hospitali ya Kenyatta.

Unapopiga hesabu usihesabu theta peke yake. Hesabu wiki 6 mpaka 8 za kutobeba kitu kizito kama ni nyama ya tumbo, nani atapika, nani atakaa dukani, nauli za kurudi kliniki, na upasuaji mdogo wa kurekebisha ambao wengi wanarudi kufanyiwa. Kuna dada aliuza kiwanja akalipia upasuaji wa kwanza, wa pili hakuwa nao, akakaa na puto kifuani mwaka mzima. Usianze safari ya hatua mbili na nauli ya hatua moja.

Watu wako

Mume anaweza kutaka kuliko wewe, au asitake wewe unataka. Mama mkwe atasema mtu mzima titi la nini. Wasikilize, kisha jiulize ukiwa peke yako bafuni: kama hakuna mtu mwingine duniani angeniona, ningelitaka? Jibu la hapo ndio lako. Mume wangu mimi alinambia "mi sikuolea titi", alikuwa ananifariji, lakini nilimwambia naomba usinijibie, hili nalitaka mimi, na akaelewa akanipeleka mwenyewe.

Wengi Waislamu wenzangu wananiuliza kama sio kubadili umbo la Mungu. Mi nilimuuliza shehe wetu, akanikumbusha hadithi ya Arfaja, sahaba aliyepoteza pua vitani siku ya Kulab, akavaa pua ya fedha ikanuka, Mtume akamruhusu avae ya dhahabu, wakati dhahabu kwa mwanaume kimsingi hairuhusiwi. Akasema kurudisha kilichoondolewa na ugonjwa sio sawa na kubadili kilichokuwa kizima. Wewe muulize wako, moyo utulie kabla ya kuingia theta.

Siku ya kuonana na daktari

Nenda na mtu, dada yako au shoga yako anaejua kuandika haraka, maana ukisikia neno kansa masikio yanaziba. Usikubali kuamua siku hiyohiyo. Uliza haya hata kama yeye kasimama mlangoni: kwa mwili wangu mimi njia zipi hazifai na kwa nini, nitaingia theta mara ngapi, ni nini kitatokea ikishindikana, na unaweza kunionesha picha za uliowafanyia mwenyewe. Picha za ngozi kama yetu, za makovu, sio za gazeti. Kama anazo atakuonesha kwa ruhusa ya wagonjwa wake wakiwa wamefichwa sura, na omba na moja ambayo haikutoka vizuri. Daktari wangu alinionesha mbili zilizoharibika bila mimi kumbembeleza na hapo ndipo nilipomwamini.

Omba pia uongee na mwanamke aliyefanyiwa. Mkae faragha, mwenye moyo atakufungulia blauzi ulione. Mi nimeshafungua kwa kina dada wengi tu, chooni kliniki, na wawili kati yao walivyoona wakasema hapana, nitabaki bapa. Nikafurahi sawasawa na waliosema ndio.

Ukishapanga tarehe, andaa mashati ya vifungo vya mbele mawili matatu, madera weka pembeni kwanza maana mkono hautapanda kuyavaa. Utatoka na mipira ya kutoa maji ubavuni yenye vichupa, inakaa wiki moja mpaka tatu, funga kanga kiunoni ubane vichupa kwa pini isivutike, na kila asubuhi andika kimetoka kiasi gani, watakuuliza. Mto mdogo chini ya kwapa ukilala. Mazoezi ya mkono anza siku ile fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, atakayosema, taratibu, vidole vikitambaa ukutani kila siku juu kidogo. Homa, harufu, wekundu unaotambaa, au titi la nyama likibadilika rangi likawa la bluu au jeusi, usisubiri asubuhi, rudi hospitali usiku huohuo.